Mita Mia Tatu Mashariki ya Lililokuwa Duka la Don Tobías

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Aibu tupu!

Jana ulikuwa mkutano wa Chama cha Wapenda Okidi wa Santa Eduviges. Don Rigoberto, mwenyekiti, ambaye siku nyingine zote anauza dawa za kuhara, alisimama akasoma hesabu ya miaka tisa ya daftari letu la okidi tulizogundua msituni. Mwalimu Odilie Ceciliano: okidi arobaini na moja. Mwenyekiti mwenyewe: thelathini na tatu. Akashuka, akashuka, hadi kwa Hannia wa posta, ambaye ana mbili, na moja kati ya hizo alijikwaa nayo. Halafu akafika kwangu. Eliécer Umaña, fundi saa, mwanachama mwanzilishi: sifuri. Neno "sifuri" alilitamka polepole, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Likaja azimio. Mwanachama yeyote ambaye jina lake halitakuwa ndani ya daftari la maua kufikia Jumapili hii atavuliwa fulana ya kijani na kuwa "rafiki wa chama". Rafiki wa chama hapigi kura. Rafiki wa chama haendi msituni. Rafiki wa chama anabaki ukumbini kupika kahawa. Don Rigoberto alilisoma akitazama dari, eti halimlengi mtu. Waliounga mkono kumi na moja, aliyepinga mmoja. Niliinua mikono yote miwili. Ukahesabiwa mmoja.

Haki iko wapi? Miaka tisa nimepanda vilima hivi, magoti yangu yanalia kama bawaba za mlango, na lenzi wanayoiazima wote kutazamia vimaua vyao ni yangu, ya ufundi saa! Na makosa yangu ya nyuma hayakuwa makosa. Lile ua nililolipiga picha makaburini mwaka 2019, yeyote angedanganyika. Plastiki siku hizi imeendelea sana.

Nikamweleza Xinia, mke wangu. Akasema mbona kahawa yangu si mbaya. Xinia haelewi mambo ya fulana.

Jumanne, 11 Machi

Mpango! Mwepesi na safi.

Xinia ana okidi ya chungu kibarazani, nyeupe, binti yetu alimletea siku ya kuzaliwa. Saa kumi na mbili asubuhi, Xinia akiwa bado kitandani, nikaing'oa chunguni, nikaipeleka kwenye mwaloni nyuma ya kanisa, nikaifunga kwa uzi. Niliifunga chini chini ili mwanga uwe mzuri. Picha tatu kama kanuni inavyotaka: ua, jani, mti. Nikatuma kwenye kundi la chama. Nikaandika: "Nimeikuta tu, katika kupita." Unyenyekevu kidogo haumdhuru mtu.

Saa mbili na dakika kumi Mwalimu Odilie akajibu. Mama huyu ana miaka sabini na nne. Alinifundisha hesabu darasa la nne, na hadi leo nikisikia sauti yake naficha kucha zangu. Alisema ua hilo kwao ni Asia, akaniuliza, je, limefika Santa Eduviges kwa miguu au limepanda basi la kutoka Cartago. Akaongeza kwamba uzi unaonekana, na ni wa rangi ya waridi. Watu kumi wakatuma nyuso za kucheka. Hannia wa posta akatuma mbili.

Nikakimbia kuirudisha okidi chunguni kabla Xinia hajatoka kibarazani. Ng'ombe wa padri alikuwa ameimaliza. Umebaki uzi.

Xinia hajanena kitu mchana kutwa. Nimepewa wali na maharage ya baridi, na chapati moja ya mahindi badala ya tatu. Hilo ni neno tosha.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaza. Kwa nini nihangaike kutafuta okidi, wakati naweza kumtafuta Mwalimu Odilie? Yeye anajua zilipo. Kila mpenda okidi ana mahali pake pa siri, na hamtajii hata padri akiwa kwenye kitubio. Pa Mwalimu ni kijito cha Quebrada Honda. Hilo mji mzima unalijua. Ila ni upande gani wa kijito, hapo hakuna ajuaye.

Nikamfuata. Mabuti ya mpira, kofia, na tawi kubwa la kujifichia. Mwalimu akapanda, nikapanda. Akashuka, nikashuka. Akavuka kijito mara nne. Yeye aliruka jiwe hadi jiwe kama mbuzi. Mimi na tawi langu tulipita majini, na maji yalinifika kiunoni. Baada ya saa mbili na nusu akatokeza nyuma ya ukumbi wa kanisa, akatoa ufunguo, akafungua mlango. Kisha akasema bila hata kugeuka, "Umaña, weka hilo tawi chini, uje tubebe viti."

Viti themanini! Vya misa ya Mtakatifu Yosefu. Nilibeba sabini na sita. Yeye alibeba vinne na kuhesabu vyangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka na akili mpya. Mwalimu akiwa kijitoni, mimi siwezi kupekua kijito. Basi lazima Mwalimu aondoke, walau kwa siku moja. Na kuna kitu kimoja tu cha kumng'oa mpenda okidi mahali pake: okidi ya mwenzake.

Nikaandika kwenye kundi kwamba nimeona kitu. Kidogo kama punje ya mchele. Zambarau, na njano kidogo katikati. Nikasema sijawahi kuona mfano wake, na hilo ni kweli kabisa, maana sijakiona. Nikatuma na picha iliyotikisika, ambayo kwa hakika ni kifungo cha blauzi ya Xinia.

Kisha nikaenda kwa Don Rigoberto kuandikisha mahali. Yeye hataki kusikia namba za mahali zinazotolewa na ramani ya simu; anasema simu hupotea milimani, mtu wa hapa hapotei. Kwa hiyo mahali pa ua tunapaandika kama anwani ya nyumba yoyote ya mji huu: unaanza na kitu kilichokuwapo zamani, halafu unahesabu mita. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: Kutoka lililokuwa duka la Don Tobías, mita mia tatu mashariki, hamsini kusini, kando ya maji.

Sasa, mita mia tatu mashariki na hamsini kusini ya lililokuwa duka la Don Tobías kuna banda la nguruwe la shemeji yangu Marvin. Maji yapo. Sitaki kusema ni maji ya namna gani.

Don Rigoberto akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia kama ninavyolijua jina langu. Akasema atampigia Mwalimu sasa hivi. Nilitoka dukani kwake nikiuma midomo nisicheke.

Nimemsimulia Xinia. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba yangu ina mita mia tatu na hamsini.

Ijumaa, 14 Machi

Saa moja asubuhi nikachungulia pazia. Wakapita! Watano, na Mwalimu mbele, fimbo mkononi, anatembea kama msichana anayewahi dansi. Nikawaombea nguruwe wawe na afya njema.

Nikashika njia ya kijitoni. Kijito kizima changu! Saa ya kwanza: kuvu. Saa ya pili: kuvu, na nyigu watatu, mmoja ndani ya shati. Saa ya tatu nikaona kitu cha zambarau kikimetameta juu ya gogo. Nikatambaa kwa tumbo, lenzi jichoni. Ganda la peremende. Wakati wa kurudi niliteleza, nikateremka sehemu ya kilima kwa makalio, bila kupanga.

Nikafika barabarani, simu ikapata mtandao. Ikaanza kulia na haikunyamaza. Ujumbe arobaini na tatu! Nikajua ni matusi. Nikafungua kwa jicho moja.

"Hongera, ndugu yangu!" Huyo ni Don Rigoberto. "Don Eliécer, sina la kusema, nisamehe kwa zile nyuso za Jumanne." Hannia wa posta. Na Mwalimu Odilie, maneno machache tu: "Umaña. Lipo. Lipo palepale uliposema."

Nilikaa barabarani. Lipo? Bandani?

Kuna picha tano zimetumwa. Sijazifungua, nilikuwa nahesabu hongera. Ni ishirini na sita, ukijumlisha na za watu waliopongeza mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Don Rigoberto amepiga simu. Kesho chama kizima kitakwenda kwenye ua, na huko huko jina langu litaingia daftarini. Ila kanuni inataka mgunduzi alete picha zake mwenyewe, na ile niliyotuma mwanzo, kwa heshima zote, ina matundu manne. Nikasema lenzi ilikuwa na vumbi. Nikaahidi nyingine.

Hivyo leo nimeshinda bandani kwa shemeji Marvin. Saa tatu nzima, kwa magoti. Nimetazama kila nguzo, kila ubao, kila jani la mgomba wa jirani. Nguruwe jike alikuja nyuma yangu taratibu akala kofia.

Marvin aliegemea uzio akinywa maji yake ya moto ya sukari guru. Nikamuuliza wale watano jana walisimama wapi. Akauliza watano gani. Nikamwambia watu wa chama, na Mwalimu mbele. Akacheka hadi akamwaga kikombe. "Shemeji, tangu Jumanne hapa hajaja kiumbe, labda daktari wa mifugo. Na yeye hakuja na hongera."

Ni uongo. Ama Marvin alilala, ama ana wivu. Watu hubadilika shemeji zao wakipata jina.

Sina wasiwasi. Ua dogo hivyo huonekana kwa mwanga fulani tu. Kesho nitatangulia mbele, maana mgunduzi hutangulia, na tukifika mtu fulani lazima atalinyooshea kidole. Nitasema, "Naam, hilo." Picha nitapiga hapo hapo.

Xinia kanipigia pasi fulana ya kijani. Akauliza kama nina hakika. Watu wa mji huu na hiyo hakika!

Jumapili, 16 Machi

Naandika haya kabla hata sijavua mabuti.

Tulikutana mbele ya kanisa, kumi na wawili, sote kijani. Don Rigoberto akatoa hotuba fupi kuhusu uvumilivu, na safari hii hakutazama dari, alinitazama mimi. Hannia akanipa ua la karatasi la kubandika kifuani. Nikaomba njia. Wakanipisha! Nikatembea mbele, kifua nje, nikieleza kwa sauti jinsi siku ile upepo ulivyokuwa ukivuma.

Kwenye njia panda ya kikanisa kidogo nikakata kulia. Nikaendelea kueleza. Baada ya hatua thelathini nikaona kimya kimezidi. Nikageuka. Watu kumi na mmoja wamekata kushoto, kwenda mtoni.

Nikapiga kelele, "Jamani, huku!"

Don Rigoberto akauliza, "Don Eliécer, huko unakwenda wapi?"

Nikamwambia lililokuwa duka la Don Tobías, kwani kuna jingine?

Mwalimu Odilie akasema, "Hilo ni duka jipya."

"Jipya? Mwalimu! Lilifungwa mwaka tisini na nane!"

"Ndiyo hilo. Jipya."

Hapo ndipo nilipoelezwa, mbele ya umati, jambo ambalo kila mwenye miaka zaidi ya sitini na tano analijua hapa mjini na hakuna aliyewahi kuniambia. Don Tobías alikuwa na duka ng'ambo ya mto. Mwaka ule volkano ya Irazú ilipotema majivu, majivu yalijaa juu ya paa hadi duka likaanguka, naye akaja kujenga huku. Kwa wazee, lililokuwa duka ni lile. Hili la kwetu, ninakokumbuka kununua pipi, hadi leo wanaliita jipya! Mimi wakati ule wa majivu nilikuwa sijazaliwa. Sasa nitajuaje duka lililokufa kabla yangu?

Mwalimu akanijia pole pole na fimbo yake. Akauliza kwa sauti ile ile ya darasa la nne, "Umaña. Huko kwako, mita mia tatu mashariki, hamsini kusini, pana nini?"

Nilikuwa na majibu matano mazuri. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Nguruwe, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hannia akanyoosha mkono, akalibandua ua la karatasi kifuani pangu.

Wakaendelea na safari, nami nyuma, kwa sababu fulana ilikuwa bado mwilini na mtu hukata tamaa akishavuliwa, si kabla. Tukavuka daraja, tukapita mawe ya msingi wa duka lile la kwanza, tukahesabu mita, tukafika kwenye mchungwa mkongwe kando ya maji. Ua lipo kwenye shina lake. Don Rigoberto akaomba lenzi yangu, nikampa, naye akampa Mwalimu.

Mwalimu alitazama muda mrefu. Kisha akasema hapo palikuwa shamba la kahawa la baba yake. Alipokuwa na miaka saba, baba alikuwa akimbeba mabegani kila Machi alione ua hilo, na alikuwa akiliita hereni ya Bikira. Majivu yakazika kahawa, wakahama, baba akafa bila kurudi, na yeye akaamini ng'ambo hiyo hakuna kilichobaki. Amelitafuta kila kilima cha nchi hii, isipokuwa hapo. "Nilipoona ameandika zambarau na njano katikati," akasema, "sikulala."

Akalia. Mimi nikadhani analilia fulana yangu, nikatiwa moyo.

Maana wakati huo akili yangu ilikuwa kazini. Wengine walikuwa wamepanga foleni kutazama kwa lenzi. Mimi nikamvuta Don Rigoberto pembeni, penye daftari. Nikamuuliza azimio linasemaje. Akasema jina la mwanachama liwe ndani ya daftari la maua. Nikamuuliza, linasema safu ipi? Akafungua daftari. Nikamwonyesha. Kuna safu ya mgunduzi, sawa, hapo waandike Mwalimu, awe na arobaini na mbili, zimfae. Lakini kuna safu ya "namna lilivyopatikana". Hapo utaandika nini, mwenyekiti, kama wewe ni mtu wa kweli?

Akaandika kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi: Kwa uongo wa Eliécer Umaña.

Jina! Ndani! Ya daftari!

Don Rigoberto alitafuta dari la kutazama, hakuliona, akatazama mawingu. Akasema hilo ni la kupigiwa kura. Tulibishana robo saa juu ya neno "ndani". Ndipo Mwalimu akasema, huku akifuta uso kwa leso, tuache kelele mbele ya ua. "Mwacheni na fulana yake. Huyu mtoto angesema kweli, ningekufa sijaliona."

Akawa wa kwanza kuinua mkono. Kumi na mbili kwa sifuri. Na safari hii sifuri haikuwa yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku njema kupita zote! Nimevaa fulana tangu alfajiri. Nimempigia binti yetu, nimemweleza ukurasa: wa themanini na nane, mstari wa tatu. Nimempitia Marvin pia, makusudi.

Xinia amenikaribisha kahawa, amekaa mbele yangu, akauliza likoje.

Nikamwambia liko ukurasa wa themanini na nane.

Akasema anauliza ua.

Nikamwambia dogo. Zambarau, na njano kidogo katikati. Akasema hayo niliyaandika Alhamisi, kabla hajaliona mtu yeyote. Yeye anataka kujua likoje hasa. Nikanywa kahawa. Ukweli ni kwamba foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na mambo ya sheria. Zile picha tano nazo simu imezifuta kwa kukosa nafasi. Lakini ua ni ua. Halikimbii.

Kuna jambo kubwa zaidi la kufikiri, na nashangaa chama kizima hakijaliona. Hesabu ya darasa la nne! Miaka tisa nimetafuta kwa uaminifu: sifuri. Siku moja nimesema uongo: moja. Sasa nikisema uongo mara nne kwa wiki? Arobaini na mbili za Mwalimu nitazipita kabla ya mvua za Desemba.

Nimeanza mara moja. Kwanza: kutoka kilichokuwa kinu cha miwa, mita mia nne magharibi. Pili: kutoka ulipokuwa mtini mkubwa, mita mia mbili kaskazini, juu ya mwamba. Miamba sijaiona huko, wala mtini siukumbuki, lakini huo ndio ufundi wenyewe. Nimemtumia Mwalimu Odilie. Amejibu kwamba mimi ni mwongo na haniamini hata kidogo. Dakika kumi baadaye nimemwona akipita dirishani na fimbo, kuelekea magharibi.

Mchana huu Xinia amevaa mabuti yake ya mpira. Anataka kwenda kuliona. Amesimama mlangoni akaniuliza kama nitampeleka, mimi ninayejua njia, jua bado lipo na ni mwendo wa nusu saa tu. Nikamwambia nimebanwa, sijabuni mahali pa tatu na pa nne.

Ameichukua lenzi yangu mezani akaenda peke yake. Sikumzuia. Kwa kazi niliyo nayo, lenzi siihitaji.